Presha ya kabini ikigoma kwenye Boeing 737-800: dalili, chanzo na hatua za kuchukua

Kama honi ya kabini inalia, au masikio yanakuambia kuwa hewa inatoka, vaa barakoa ya oksijeni kwanza. Kutafuta kosa liko wapi kunakuja baadaye. Kwenye futi 35,000 mtu asiye na oksijeni ana sekunde 30 hadi 60 tu za akili timamu. Kwenye futi 40,000 ni sekunde 15 hadi 20, na hewa ikitoka kwa ghafla muda huo hupungua karibu nusu. Kwenye futi 25,000 anazo dakika 3 hadi 5, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu kukosa oksijeni hakuumi. Mtu anachangamka, anajiamini kupita kiasi, anashindwa hesabu ya mtoto wa darasa la pili, kucha zinageuka bluu, na yeye anaona mambo yako sawa. Ukisubiri ujisikie vibaya ndipo uvae, umechelewa.

Maelezo haya ni ya Boeing 737-800, ndege inayoonekana kila siku Nairobi na kwenye viwanja vingi vya ukanda wetu. Namba na majina ya swichi ni ya ndege hiyo. Ukiwa kazini, kijitabu cha taratibu za dharura kilichomo ndani ya ndege yako ndicho chenye kauli. Haya ni ya kukusaidia kuelewa kwa nini kijitabu kinakuambia unachoambiwa.

Ndoo iliyotoboka chini ya bomba

Fikiria ndoo yenye tundu, imewekwa chini ya bomba lililofunguliwa. Maji yakipungua kuna sababu tatu tu: bomba limefungwa, tundu limekuwa kubwa mno, au ndoo imepasuka mahali pengine. Presha ya kabini ni hivyo hivyo.

Bomba ni injini. Hewa huchotwa kwenye kompresa ya kila injini, kwenye hatua ya 5 na ya 9, ikapita kwenye mitambo miwili ya kupoozea, ikaingia kabini mfululizo. Swichi zake paneli ya juu zimeandikwa BLEED, za hewa ya injini, na PACK, za mitambo ya kupoozea. Tundu ni valvu moja kubwa ya kutolea hewa, iliyo nyuma ya ndege, chini, ubavu wa kulia. Vidhibiti viwili vya kompyuta ndivyo vinavyoifungua na kuifunga, kimoja kikifanya kazi na kingine kikisubiri. Ndoo ni bodi yenyewe: milango, madirisha, mipira ya kuzibia, mabomba ya ndani, na viungo vyote.

Rubani ana vipimo vinavyotosha kutofautisha sababu hizo tatu. Kimoja kinaonyesha mwinuko wa kabini, yaani hewa ya ndani inalingana na hewa ya nje ya futi ngapi, pamoja na tofauti ya presha kati ya ndani na nje. Cha pili kinaonyesha kabini inapanda au kushuka futi ngapi kwa dakika. Cha tatu, ambacho wengi hukisahau, kinaonyesha valvu ya kutolea hewa imefunguka kiasi gani. Hicho cha tatu ndicho chenye jibu. Kabini ikiwa inapanda huku valvu ikiwa imefunguka, kosa ni la udhibiti: kidhibiti kimeharibika au swichi iko mahali pabaya. Kabini ikiwa inapanda huku valvu imefunga kabisa, udhibiti umeshafanya lote unaloliweza. Ama hewa haiingii ya kutosha, ama ndoo imepasuka. Ukilijua hilo, nusu ya utafutaji imekwisha.

Namba za kushika kichwani: ndege ikiwa chini ya futi 28,000, mfumo unashikilia tofauti ya presha isiyozidi 7.45, kwa pauni kwa inchi ya mraba. Kati ya 28,000 na 37,000 ni 7.80, na juu ya 37,000 ni 8.35. Kwa hesabu hiyo, ndege ikiwa futi 41,000, ambao ndio mwisho wake, kabini inakuwa kama iko futi 8,000. Ikiwa futi 35,000, kabini iko futi 7,000 na ushei. Honi hulia kabini ikifika futi 10,000. Barakoa za abiria hudondoka zenyewe kabini ikifika futi 14,000. Tofauti ya presha ikifika 9.1, valvu mbili za usalama hufunguka zenyewe ili bodi isipasuke.

Dalili: kabini inapanda pamoja na ndege tangu kuruka

Ndege iko futi 6,000, na kabini iko hapo hapo. Tofauti ya presha imekaa karibu na sifuri. Masikio yanaziba haraka kuliko kawaida. Kwa kawaida kabini hupanda taratibu, futi 300 hadi 500 kwa dakika, hata ndege yenyewe ikipanda futi 2,500.

Tazama valvu. Ikiwa imefunga au inakaribia kufunga, bomba halijafunguliwa. Hili hutokea zaidi baada ya kuruka bila kuchota hewa ya injini, mbinu inayotumika kwenye viwanja vya juu na vyenye joto ili injini zitoe nguvu zote. Nairobi, uliopo futi 5,330, na Addis Ababa, unaozidi futi 7,600, ni viwanja vya namna hiyo. Wakati huo injini ndogo ya mkiani, ambayo mafundi huiita APU, ndiyo inayolisha kabini. Baada ya kuruka, rubani anatakiwa kurudisha swichi za BLEED za injini. Anarudisha moja kwanza, anazima hewa ya APU, anasubiri kasi ya kabini itulie, ndipo anarudisha ya pili. Akisahau, APU inaweza kuficha kosa kwa muda, lakini hewa yake imeruhusiwa hadi futi 17,000 tu. Ndege inaendelea kupanda, na tatizo linajitokeza mahali pabaya zaidi. Septemba 2018, ndege ya 737 iliyoruka kutoka Mumbai kwenda Jaipur ilirudi uwanjani abiria wakitokwa damu puani na masikioni. Swichi za hewa ya injini hazikuwa zimewashwa.

Tiba ni rahisi ukiwahi. Acha kupanda, hakikisha BLEED zote mbili ziko ON na PACK zote mbili ziko AUTO, kisha tazama kabini ikianza kushuka. Usiiendeleze safari juu mpaka uone tofauti ya presha inapanda kama inavyotakiwa.

Ikiwa valvu imefunguka, tazama swichi ya kuchagua namna ya kudhibiti. Ina nafasi tatu: AUTO ni kidhibiti cha kwanza, ALTN ni cha akiba, na MAN ni mkono wa rubani. Ikiwa kwenye MAN, kompyuta zote mbili zimewekwa pembeni na valvu inabaki pale ilipoachwa mpaka mkono wa mtu uisogeze. Taa ya kijani ya MANUAL huwaka. Ni ya kijani, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu jicho la rubani limezoeshwa kuona kijani kama heri.

Kosa hilo liliua watu 121 tarehe 14 Agosti 2005. Boeing 737-300 ya shirika la Helios, safari 522 kutoka Larnaca kwenda Prague kupitia Athens, ilikuwa imefanyiwa jaribio la kuvuja hewa usiku, na swichi ikaachwa MAN. Ukaguzi wa kabla ya safari, wa kabla ya kuwasha injini na wa baada ya kuruka, yote mitatu ilipita juu yake. Honi ikalia ndege ikiwa kama futi 12,000. Marubani wakaichukulia kuwa ni onyo jingine, wakabaki kuzungumza na fundi kwenye redio mpaka oksijeni ikawaishia mwilini. Ndege ikaendelea kujiendesha yenyewe kwenye futi 34,000, ikazunguka karibu na Athens, mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Grammatiko. Kila mwanafunzi wa urubani anayesoma 737 aijue safari hii hatua kwa hatua.

Dalili: honi ya vipindi inalia

Kwenye 737, honi ile ile inayokatika-katika ina kazi mbili. Ndege ikiwa chini, maana yake haijapangwa sawasawa kwa kuruka: mabawa ya ziada (flaps) hayako mahali pake, breki ya kuegesha haijaachiwa, na mengine ya aina hiyo. Ndege ikiwa angani, honi hiyo ina maana moja tu: kabini imevuka futi 10,000. Hakuna maana ya pili. Baada ya ajali ya Helios ziliongezwa taa mbili za maandishi, CABIN ALTITUDE na TAKEOFF CONFIG, ili jicho lithibitishe kile sikio lilichosikia.

Hatua zenyewe ni za kufanya bila kufungua kitabu. Vaeni barakoa, kidhibiti cha oksijeni kikiwa 100%. Hakikisheni mnasikiana kwa maikrofoni za barakoa. Swichi ya kuchagua iende MAN. Shikilia swichi ya valvu upande wa CLOSE mpaka kipimo kionyeshe imefunga kabisa. Valvu inaweza kuchukua hadi sekunde 20 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usiiachie baada ya sekunde 3 ukadhani imegoma. Kisha tazama kabini. Ikianza kushuka, kosa lilikuwa la udhibiti, na sasa umelishika mkononi. Ikiendelea kupanda, ndoo inavuja kuliko bomba linavyojaza, na kazi iliyobaki ni kushuka.

Honi inaweza kunyamazishwa kwa kitufe chake. Nyamazisha baada ya barakoa kuwa usoni.

Dalili: taa ya AUTO FAIL

Taa hii ya njano ina habari nzuri na mbaya kutegemea imewaka na nani. Ikiwaka pamoja na ALTN ya kijani, kidhibiti cha kwanza kimeshindwa na cha pili kimeshapokea kazi. Sogeza swichi kwenda ALTN, AUTO FAIL itazimika, safari inaendelea huku mkijua kuwa akiba imetumika. Ikiwaka peke yake, vidhibiti vyote viwili vimeacha kazi. Hapo ni MAN.

Kinachoiwasha: umeme wa kidhibiti kukatika, hitilafu ndani ya kidhibiti chenyewe au kwenye valvu, kabini kubadilika kwa kasi ya zaidi ya futi 2,000 kwa dakika, tofauti ya presha kuzidi 8.75, au kabini kupita futi 15,800. Kwa hiyo taa hiyo hiyo inaweza kuwa kompyuta iliyochoka au bodi iliyopasuka. Soma vipimo kabla hujaamua.

Tarehe 5 Januari 2024, kizibo cha mlango kilichomoka kwenye 737-9 ya Alaska Airlines muda mfupi baada ya kuruka Portland. Boliti nne za kukishika hazikuwepo. Ndege hiyo ilikuwa imewasha taa ya hitilafu ya presha mara tatu ndani ya wiki chache kabla, na watu wengi wakaunganisha mambo hayo mawili. Wachunguzi hawakupata uhusiano. Fundi anayesoma AUTO FAIL asidhani amesoma hali ya bodi. Taa ile huzungumzia udhibiti, na haiwezi kuona mlango usio na boliti.

Kuendesha valvu kwa mkono kunataka subira. Gusa swichi kidogo, achia, tazama kasi ya kabini, ngoja, ndipo uguse tena. Anayeshikilia swichi muda mrefu huipeleka kabini juu na chini, na abiria ndio wanaolipa kwa masikio. Badilisha nguvu za injini polepole, maana ukizipunguza ghafla hewa inayoingia hupungua na kabini huruka. Wakati wa kushuka, sogeza valvu kidogo kidogo kuelekea CLOSE, ili kabini nayo ishuke. Ikikaribia mwinuko wa uwanja, irudishe kidogo kidogo kuelekea OPEN, na kabla ya kuingia mzunguko wa kutua iwe imefunguka kabisa. Ukitua na presha ndani kwa sababu umesahau hilo, umejitengenezea tatizo la milango, ambalo tutalifikia.

Dalili: kabini inapanda taratibu, valvu imefunga

Hii ndiyo inayohitaji akili zaidi, kwa sababu haina kelele. Ndege imetulia futi 36,000, kabini inapanda futi 100 hadi 200 kwa dakika, na sindano ya valvu imeegemea mwisho wa kufunga. Anza na bomba.

Taa ya BLEED TRIP OFF ina maana kwamba hewa ya injini ya upande huo ilizidi joto au presha, ikajifunga. Ngoja kidogo ipoe, bonyeza TRIP RESET. Ikikataa, zima PACK ya upande huo. Mtambo uliobaki, mabawa ya ziada yakiwa yameingia, hujiongeza wenyewe kwenda mkondo mkubwa. Mtambo mmoja kwenye mkondo mkubwa unatosha kushikilia presha hadi mwisho wa mwinuko wa ndege. Kwa hiyo ukiwa na mtambo mmoja mzima na kabini bado inapanda, usiulaumu mtambo uliozimika. Tafuta uvujaji.

Taa ya PACK ni joto ndani ya mtambo wenyewe. Weka viteuzi vya joto upande wa joto zaidi ili kuupunguzia kazi, kisha jaribu kuurudisha. Ikiwa vipimo viwili vya presha ya mabomba, kushoto na kulia, vimetofautiana sana, upande dhaifu ndio wa kufuatilia. Na ikiwa dalili imeanza tu baada ya mikono ya injini kurudishwa chini kabisa kwa kushuka, ongeza nguvu kidogo kwanza. Injini zikiwa chini, bomba hutoa hewa kidogo, na bodi iliyochakaa huonyesha uvujaji wake hapo hapo.

Bomba likiwa zima, ni ndoo. Wahudumu ndio macho yako. Waulize kama kuna mlango unaopiga mluzi, kama kuna barafu au baridi isiyo ya kawaida pembeni mwa fremu, kama kuna mahali nywele au pazia linavutwa kuelekea ukutani. Mpira wa mlango uliokunjika au uliokatika hupiga mluzi mkali unaobadilika ndege ikipanda. Ikiwa mlango unalia lakini kabini imetulia, ni kero ya kuandikwa. Ikiwa kabini inapanda, shuka mapema, kwa utaratibu, kabla honi haijakulazimisha. Kushuka hadi futi 25,000 hupunguza kinachovuja, kwa sababu tofauti ya presha imepungua, na mara nyingi hapo valvu huanza tena kupumua.

Dalili: masikio yanauma wakati wa kushuka

Mara nyingi si hitilafu. Ni namba iliyoachwa kwenye dirisha la LAND ALT, yaani mwinuko wa uwanja mtakaotua. Ukanda wetu unalifanya kosa hili kuwa rahisi, kwa sababu saa moja ya safari inakutoa usawa wa bahari hadi nyanda za juu. Dar es Salaam na Mombasa ziko chini ya futi 300, Kilimanjaro karibu 2,900, Entebbe karibu 3,800, Kigali karibu 4,900, Nairobi 5,330.

Ukitoka Nairobi kwenda Dar ukaacha LAND ALT kwenye 5,300, kabini itatulia karibu na futi 5,000 ikidhani imefika. Ndege ikipita hapo kwenda chini, presha ya nje inaanza kuzidi ya ndani. Valvu inafunguka yote, na kabini inashuka kwa kasi ya ndege, futi 1,000 au 1,500 kwa dakika, badala ya takriban 350 ambayo masikio huivumilia. Watoto wachanga watakuambia kabla ya kipimo.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukitoka Dar kwenda Nairobi na namba ya Dar bado ipo, kabini itashushwa karibu na usawa wa bahari huku ndege ikitua futi 5,330. Magurudumu yanagusa na tofauti ya presha inayokaribia 2.6, wakati kikomo cha kutua ni 0.125. Valvu inafunguka ikiwa chini, na kabini inapanda futi 5,000 ndege ikiwa bado inatembea.

Taa ya OFF SCHED DESCENT ni jambo jingine, na haina kosa ndani yake. Ndege imeanza kushuka kabla haijafika mwinuko uliowekwa, na kidhibiti kimeamua kwamba mnarudi mlikotoka. Kama kweli mnarudi, iacheni ifanye kazi yake. Kama mmebaki tu chini zaidi ya ilivyopangwa na safari inaendelea, wekeni FLT ALT, yaani dirisha la mwinuko wa safari, kwenye mwinuko mliopo. Lakini mkishaigusa FLT ALT, mpango wa kurudi wenyewe umefutika, na LAND ALT ni juu yenu.

Dalili: tofauti ya presha inazidi

Hutokea mara chache. Valvu imekwama ikiwa imefunga, sindano imepita 8.35 na inaendelea. Nenda MAN, jaribu kufungua. Ikigoma, shuka, maana tofauti ya presha hupungua hewa ya nje ikizidi kuwa nzito, na kuzima mtambo mmoja hupunguza kinachoingia. Valvu za usalama za 9.1 zipo kwa ajili ya siku hiyo. Zisiwe mpango wako.

Hewa ikitoka kwa mpigo

Hapa hakuna kuuliza dalili. Kishindo, ukungu mweupe unaojaza kabini kwa sekunde chache kwa sababu unyevu umepoa ghafla, vumbi, baridi kali, na hewa inatoka mapafuni yenyewe. Usiizuie pumzi. Ukungu huo si moshi, ingawa huonekana hivyo. Mlango wa chumba cha marubani unaweza kufunguka wenyewe, kama ulivyofanya Portland. Umetengenezwa hivyo ili kusawazisha presha.

Barakoa, mawasiliano, MAN, valvu CLOSE. Kama kabini haidhibitiki, washa PASS OXYGEN, swichi ya oksijeni ya abiria, endapo imevuka au itavuka futi 14,000, tangaza kwa abiria, wajulishe waongozaji ndege kwa mayday, weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada. Swichi za kuwashia injini ziwe CONT, yaani mfululizo. Mikono ya injini chini kabisa, breki za hewa za mabawani ziinuliwe, kisha shuka. Kama bodi haina dalili ya kupasuka, shuka kwa kasi kubwa inayoruhusiwa. Kama umesikia kishindo au kuna mtikisiko, usiongeze kasi kuliko uliyokuwa nayo. Bodi iliyojeruhiwa haipendi upepo zaidi.

Lengo ni futi 10,000 au mwinuko wa chini ulio salama juu ya milima, ule ulio juu zaidi kati ya hiyo miwili. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, yaani futi 19,341. Mlima Kenya ni mita 5,199. Ruwenzori mita 5,109. Ukiongeza futi 2,000 za usalama, karibu na Kilimanjaro huwezi kwenda chini ya futi 21,400 hivi, na mawingu yakiwa yameufunika mlima hutauona. Marubani wa njia ya Dar na Nairobi waamue kabla ya safari: tukipasuka hapa tunageukia upande gani. Mara nyingi jibu ni mashariki, kuelekea pwani, ambako ardhi inashuka.

Na fanyeni hesabu ya oksijeni. Za abiria hutoka kwenye vitengeneza-oksijeni vya kemikali vinavyodumu takriban dakika 12. Kutoka 37,000 hadi 10,000 kwa futi 6,000 kwa dakika ni dakika nne na nusu, zinatosha. Lakini ukilazimika kukaa futi 21,400 dakika kumi ukiukwepa mlima, abiria wako wanaishiwa.

Kwa wahudumu na abiria

Mhudumu aketi kiti cha karibu, hata cha abiria, na avae barakoa iliyo karibu bila kusubiri tangazo. Anayejaribu kwanza kumsaidia mwingine huanguka kabla hajamaliza. Ndiyo sababu ya kuambiwa uvae yako kabla ya ya mtoto.

Vuta barakoa kwa nguvu kuelekea kwako. Mvuto huo ndio unaoanzisha kemikali, na mmoja akivuta, barakoa zote za upande huo wa safu hupata hewa. Mfuko wa plastiki unaweza usijae, na oksijeni bado inakuja. Kifaa cha juu huwa cha moto sana, na harufu kama ya kitu kinachoungua ni ya kawaida, kwa hiyo usikiguse. Kifuniko kikikataa kufunguka, wahudumu wana kifaa kidogo cha kukifungulia. Baada ya ndege kutulia chini, wahudumu wabebe chupa za oksijeni za mkononi na waanze na vyoo, halafu wazee, wagonjwa wa moyo na watoto wachanga. Wakikuta barakoa zimedondoka na marubani kimya huku ndege haishuki, wagonge, wapige simu ya ndani, wafungue mlango kwa utaratibu wa dharura. Kimya cha marubani katika hali hiyo si dalili njema.

Chini, kabla ya kufungua mlango

Tazama tofauti ya presha ni sifuri. Novemba 2000, huko Miami, mhudumu wa Airbus A300 alifungua mlango wa dharura ndege ikiwa bado na presha ndani, mlango ukafyatuka ukamtupa nje, akafa. Mlango ukiwa mzito kuliko kawaida au ukitoa mluzi unapougusa, acha. Waambie marubani wafungue valvu yote na wazime mitambo ya hewa.

Kwenye kitabu cha hitilafu, "presha mbovu" ni maneno yasiyomsaidia fundi. Andika ndege ilikuwa futi ngapi, kabini futi ngapi, tofauti ya presha, kasi ya kabini, valvu ilikuwa imefunguka kiasi gani, taa zipi ziliwaka na kwa mpangilio upi, BLEED na PACK zipi zilikuwa zinafanya kazi, na injini zilikuwa na nguvu kiasi gani. Sentensi mbili zenye namba hizo humwonyesha aanzie kwenye valvu, kwenye mabomba au kwenye mipira ya milango, na humwokolea usiku mzima.

Akilazimika kuijaza ndege hewa ikiwa chini ili kutafuta uvujaji, ataipeleka swichi MAN. Akimaliza, irudi AUTO na iandikwe kwamba imerudi. Na rubani wa asubuhi, hata akiambiwa kila kitu kiko sawa, ainue macho aisome mwenyewe.